Rudisheni Safu ya Chumvi

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, nilifuta safu moja kwenye jedwali langu. Sikughushi namba wala sikubadilisha hata milimita moja. Niliifuta tu, kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka baada ya kusikia mgeni anabisha hodi. Nikajieleza mbele ya jopo, nikapigiwa makofi, nikapata A. Lakini tangu siku ile safu hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na leo nimeamua kuutoa hadharani.

Safu yenyewe ilikuwa ya chumvi. Siyo chumvi ya mboga, jamani. Ni kloridi ya shaba, ile chumvi tuliyotumia kutengenezea kompleksi.

Niwaeleze kwanza wale wa sheria, biashara na lugha, kwa sababu jambo hili linawahusu pia siku mtakayolazwa na kidonda kisichosikia dawa.

Ukipita idara za kemia, miradi mingi ya mwaka wa mwisho inafanana kama sare za shule. Mwanafunzi anachukua kampaundi mbili, mara nyingi diamini moja na diketoni moja, anazichemsha pamoja na chumvi ya metali ya mpito: kobalti, nikeli, shaba au zinki. Zinaungana na kujifunga kuwa pete kubwa, na metali inakaa katikati yake, kama mtungi ulivyotulia juu ya kata. Hiyo pete ndiyo tunaita ligandi ya makrosaiko. Baada ya hapo sampuli inapimwa kwa mionzi ya infraredi, inapimwa inavyopungua uzito ikipashwa joto, kisha inawekwa kwenye sahani yenye bakteria. Kesho yake unachukua rula, unapima duara lililo wazi kuzunguka karatasi yako, unaandika milimita. Hitimisho unalijua kabla hujawasha jiko: "Kompleksi zimeonyesha uwezo wa kuua vimelea kuliko ligandi yenyewe, na zinaweza kuwa msingi wa dawa mpya."

Nimesoma ripoti za kaka na dada zetu waliotutangulia. Sentensi hiyo imo karibu katika kila moja niliyoishika. Wengine tuliidesa neno kwa neno, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa, sidharau pete hizi. Ni kitu cha ajabu kweli. Wekundu wa damu yako ni chuma kilichokaa katikati ya pete. Vitamini B12 ina kobalti iliyoshikwa na pete, na Dorothy Hodgkin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kazi ya kuchora maumbo kama hilo kwa mionzi ya eksi. Mwaka 1960 Neil Curtis wa New Zealand aliripoti kwamba kompleksi ya nikeli na ethilinidiamini ikikutana na asetoni hujenga kitu kipya, ambacho baadaye ilibainika ni pete. Mbinu tunayotumia maabara, ya kuiacha metali iwe kama kalibu ambayo pete inajengwa kuizunguka, ina ukoo na kazi hiyo.

Na pete inashika kweli. Mwaka 1969 Cabbiness na Margerum walilinganisha shaba iliyoshikwa na naitrojeni nne zilizo kwenye pete na shaba iliyoshikwa na naitrojeni nne zilizo kwenye mnyororo ulio wazi. Ya kwenye pete ilikuwa imara zaidi karibu mara 10,000. Nne kwa nne, tofauti ni kufungwa tu.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Kama pete inaishika shaba kiasi hicho, ni nani anayemuua bakteria kwenye sahani? Je, ni kompleksi nzima, pete na shaba yake? Au pete yetu haikufungwa vizuri, shaba inavuja, na kinachoua ni shaba tupu?

Kwa sababu shaba tupu inaua. Hilo halihitaji mradi. Bibi yangu alikuwa anaweka mrututu kwenye vidonda kabla sijazaliwa, na mrututu ni salfeti ya shaba. Wakulima wa kahawa kule Kilimanjaro wananyunyizia dawa za shaba kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia kwamba kitu chenye shaba kimeua bakteria, ameniambia jambo ambalo bibi alishalijua bila kukanyaga chuo. Kipya ni kuniambia kama pete imeongeza kitu.

Njia ya kujua ni rahisi. Weka chumvi ya shaba kwenye sahani ileile, siku ileile, bakteria walewale. Safu moja tu ya ziada kwenye jedwali.

Wazo hilo sikulitoa kichwani mwangu. Lilitoka kwa mama mmoja, fundi sanifu wa maabara ya mikrobiolojia, ambaye nilienda kwake na vichupa vyangu nikiwa nimevipanga vizuri. Aliniangalia akauliza, "Mwanangu, na chumvi yenyewe umeileta?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Kwenye ripoti za nyuma haipo."

"Ripoti za nyuma siyo msahafu. Nenda kailete."

Nikaileta. Kesho yake tukafungua inkyubeta. Karatasi yenyewe ina upana wa milimita 6, kwa hiyo 6 maana yake hakuna kitu. Kimiminika cha kuyeyushia, DMSO, kilitoa 6. Ligandi ilitoa 8. Kompleksi ya shaba ilitoa 15. Siprofloksasini, dawa ya kulinganishia, ilitoa 28. Na chumvi ya shaba? Nayo 15.

Nilihisi miezi minne imeyeyuka. Boom lilikuwa limeishia kwenye vimiminika nilivyonunua kwa hela yangu pale vya idara vilipokwisha. Nilimpelekea msimamizi wangu jedwali. Ni mtu mwema, ana wanafunzi wengi kuliko saa alizo nazo. Aliangalia, akasema kwa upole, "Kijana, hiyo safu itakuletea maswali siku ya kujieleza. Itoe, haikuwa kwenye pendekezo lako." Kweli haikuwemo. Nami sikubisha. Yeye alishauri, lakini kidole kilichobonyeza kitufe kilikuwa changu.

Subirini sasa nieleze kilichoniuma zaidi.

Miezi mitatu baada ya mahafali, nikiwa nyumbani nasubiri kazi, nilichukua karatasi nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzoni. Nilikuwa nimepima vyote kwa uzito sawa, miligramu kwa miligramu. Kloridi ya shaba yenye molekuli mbili za maji ina uzito wa mola wa gramu 170.5, na shaba ndani yake ni asilimia 37. Kompleksi yangu ilikuwa na uzito wa mola wa karibu gramu 500, kwa hiyo shaba ndani yake haizidi asilimia 13. Mnaona? Kwenye karatasi ya chumvi niliweka shaba karibu mara tatu ya ile niliyoweka kwenye karatasi ya kompleksi, na bado maduara yakatoka sawa.

Yaani inawezekana pete ilikuwa inafanya kazi kweli. Labda ilikuwa inaisaidia shaba kupenya utando wa bakteria. Labda la, labda ni kwa sababu shaba tupu inang'ang'aniwa na vyakula vilivyomo kwenye agari ikashindwa kusambaa. Sahani ya duara haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Lakini swali lilikuwepo, tena swali zuri, na lilikuwa ndani ya safu niliyoifuta kwa aibu. Nilidhani naficha aibu yangu, kumbe natupa kitu pekee cha maana kwenye mradi mzima.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hiyo: mradi wowote wa kompleksi na vimelea usipokelewe bila safu ya chumvi ya metali husika, na vipimo viwe kwa mola, siyo kwa miligramu peke yake.

Hoja ya pili ni kuhusu joto, maana huko nako tumejizoesha maneno matamu.

Mashine ya TGA ni mizani iliyo ndani ya tanuri. Unaweka miligramu chache, unapandisha jotoridi taratibu, na mizani inaandika uzito unavyopungua. Wengi wetu tulikutana na somo hili sekondari tulipochoma mrututu: bluu inageuka nyeupe, maji yanaondoka, na maji hayo ni asilimia 36 ya uzito wote. TGA ni jaribio hilohilo lililovaa suti. Kwenye kompleksi zetu, maji yaliyojibanza kwenye fuwele hutoka mapema, yale yaliyoshikwa na metali yenyewe huchelewa zaidi, kisha pete inaungua, na mwisho, ukipasha kwenye hewa, inabaki oksidi ya metali. Kompleksi yenye uzito wa mola wa 500 na atomu moja ya shaba inatakiwa iache oksidi ya shaba asilimia 16 hivi. Ikiacha 22, ujue ulichonacho kwenye kichupa sicho ulichoandika kwenye kichwa cha habari.

Hiyo ni kazi kubwa na ya heshima. TGA inakuambia kama umetengeneza ulichodai na kina maji kiasi gani. Kama kuna molekuli mbili za maji ambazo hukuzihesabu kwenye uzito wa 500, umekosea uzito wa mola kwa asilimia 7, na kila namba ya mola inayofuata imepinda.

Lakini sisi tunaitumia vipi? Tunaandika, "Kompleksi ni imara hadi nyuzi joto 250, hivyo inafaa kwa matumizi ya kitabibu." Hiyo "hivyo" imetoka wapi? Mwilini hakuna nyuzi 250. Kuna nyuzi 37, kuna maji, kuna asidi tumboni, kuna protini kwenye damu zinazopenda shaba. Kitu kinaweza kustahimili tanuri kavu kikasambaratika kwenye glasi ya maji ya chumvi. Na kinaweza kustahimili kila kitu kisiwe na faida kwa mgonjwa. Bluu ya fithalosianini ya shaba, nayo ni shaba ndani ya pete, inastahimili zaidi ya nyuzi 400. Imo kwenye rangi za nyumba na wino. Haiyeyuki kwenye maji, na hakuna anayeandikiwa hospitali.

Uimara wa joto una matumizi yake, tuyaseme hayo. Je, kitu kinaweza kupita kwenye autoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15, kikatoka kizima? Je, kinaweza kukaa kwenye stoo ya zahanati isiyo na feni miezi ya joto? Hayo ni maswali ya nchi yetu. Lakini uimara ndani ya maji unapimwa ndani ya maji. Yeyusha kompleksi, ipime rangi yake kwa spektrofotomita leo, iache kwenye nyuzi 37, ipime kesho. Vifaa vipo, na gharama ni usiku mmoja. Na ukiyeyusha kwenye DMSO, kumbuka kwamba DMSO yenyewe inapenda kushika metali, kwa hiyo huenda ulichoweka kwenye sahani sicho ulichotoa kwenye kichupa.

Nawasikia wengine: "Wewe unatutishia maisha. Huu ni mradi wa digrii ya kwanza, lengo ni kujifunza mbinu, hakuna anayetarajia tugundue dawa."

Naikubali nusu ya kwanza. Kama lengo ni kujifunza mbinu, basi kipimo cha kulinganishia ndiyo mbinu ya kwanza kuliko zote. Mtu aliyejifunza kuendesha mashine ya infraredi bila kujifunza kujiuliza "je, ni kitu kingine?" amejifunza kubonyeza vitufe. Na kama hatutarajii kugundua dawa, basi tuache kuandika kwenye hitimisho kwamba tumekaribia.

Wengine watasema hela hakuna. Ni kweli, hali ya maabara zetu tunaijua. Kuna sampuli zangu zilikaa wiki tano zikisubiri mashine ya TGA ya taasisi nyingine kwa sababu ya kwetu ilikuwa imekufa. Lakini safu ya chumvi haiongezi hata shilingi. Chumvi unayo tayari mezani, ndiyo uliyoanza nayo. Kinachokosekana siyo hela, ni ujasiri wa kuonyesha namba isiyopendeza mbele ya watu wanaogawa maksi.

Na hapa ndipo penye uzito, wanajumuiya. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa siyo hadithi ya kwenye semina. Utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoelemewa kuliko wengine. Dawa mpya zinatafutwa kwa tochi, na kompleksi za metali ni mojawapo ya mahali ambapo tochi inaonyesha kitu. Mradi uitwao CO-ADD, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ulipima bure kampaundi zilizotumwa na wanakemia kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya kampaundi 906 zenye metali. Zile zilizoua vimelea bila kuonyesha sumu zilikuwa asilimia 9.9, wakati kwa molekuli za kawaida zisizo na metali ilikuwa asilimia 0.87. Zaidi ya mara kumi.

Angalieni walichopima, lakini. Siyo kuua tu. Walipima pia kama kampaundi inadhuru seli za binadamu na kama inapasua chembe nyekundu za damu. Hata jiki inaua bakteria, hatuinywi. Na walitafuta dozi ndogo kabisa inayozuia vimelea, ile MIC, ambayo haidanganywi na molekuli nene inayotambaa polepole kwenye agari. Duara dogo linaweza kumaanisha dawa dhaifu, au dawa kali yenye mwendo wa kinyonga. Rula haijui tofauti.

Kwa hiyo namba zile zinatuambia tuko kwenye shamba lenye rutuba. Ila tunalima kwa kuhesabu majembe badala ya kuhesabu magunia. Kila mwaka tunazalisha kompleksi mpya, tunapima milimita, tunafunga ripoti, na vichupa vinatupwa wakati wa usafi wa maabara. Huenda kimoja kilikuwa na kitu. Hatutajua, kwa sababu hakuna aliyekilinganisha na chochote.

Napendekeza mambo manne, na namwomba waziri wa taaluma wa serikali yetu ya wanafunzi ayapeleke kwenye vikao vya idara.

Moja, jedwali la vimelea liwe na safu tano za lazima: kimiminika, ligandi, chumvi ya metali, kompleksi, na dawa ya kulinganishia. Likikosa moja, lirudishwe.

Mbili, maksi za mradi zitolewe kwa jinsi mtu alivyouliza na kupima, siyo kwa ukubwa wa duara. Mwanafunzi anayesema "pete yangu haikuongeza kitu, na hivi ndivyo ninavyojua" apate A kama yule aliyepata duara kubwa. Tukiogopa sapu kwa sababu ya ukweli, tutajifunza kuficha, na tukiajiriwa kwenye maabara ya maji au ya dawa tutaendelea kuficha.

Tatu, idara iwe na daftari moja la matokeo yaliyofeli, liwekwe maktaba. Nusu ya mwaka wangu niliupoteza kurudia kosa ambalo nina hakika mtu mwingine alishalifanya miaka mitatu nyuma akaliondoa kwenye ripoti.

Nne, vichupa visitupwe. Andika jina, uzito wa mola, tarehe, na sahani iliyopimwa. Kabati moja linatosha.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni dogo. Kwenye ripoti yangu, kuelezea kwa nini kompleksi inaua zaidi ya ligandi, niliandika "kwa mujibu wa nadharia ya Tweedy, 1964". Ni nadharia inayosema kwamba metali ikishikwa na ligandi chaji yake hupungua na hivyo hupenya kirahisi mafuta ya utando wa bakteria. Andiko lenyewe sijawahi kulifungua. Nililitoa kwenye ripoti ya dada mmoja aliyenitangulia miaka miwili, na nikimuuliza nadhani naye atanitajia mtu. Namba zangu, ligandi 8 na kompleksi 15, zilikaa vizuri kabisa na nadharia hiyo. Chumvi 15 ndiyo ilikuwa inaisumbua. Nikaifuta chumvi, nikaiacha nadharia.

Nimemwandikia msimamizi wangu barua pepe wiki iliyopita, nikaambatanisha jedwali zima na hesabu za mola. Alijibu siku hiyohiyo: "Asante. Kuna kijana wa mwaka wa nne anaanza mradi Jumatatu. Nimempa vichupa vyako vilivyobaki na jedwali hili. Ataanza na chumvi."